Manowari si ng'ombe wa kuhesabiwa zizini

Kwa Mhariri,

Ukurasa wako wa habari za ng'ambo ulinifikia hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, ukiwa umefungia ngege wa kukaanga. Mama anayetuuzia samaki hununua magazeti ya zamani kwa kilo, ndiyo maana mimi husoma habari zikiwa na umri wa wiki nzima na harufu ya mafuta. Ukurasa huo ulikuwa na mchoro wa meli za kivita zilizopangwa safu mbili, kushoto za China na kulia za Marekani, na chini yake hesabu: China zaidi ya 370, Marekani hazifiki 300. Kichwa cha habari kikasema China imeipiku Marekani baharini. Vijana wanaonisaidia kazi waliung'ang'ania ukurasa ule, mafuta na yote, wakabishana hadi adhuhuri, na injini mbili za wateja zikabaki zimefunguliwa vifua juani.

Hesabu yenyewe siipingi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani imeandika kwa mkono wake kwamba jeshi la majini la China ndilo lenye vyombo vingi zaidi duniani. Ninachopinga ni kuzihesabu kama ng'ombe zizini, eti mwenye wengi ndiye tajiri wa kijiji. Nimeishi ndani ya meli miaka 12, na miaka zaidi ya 30 nimekuwa nje nikitengeneza injini za majini. Naomba nafasi, hata ikiwa ndefu kuliko mnavyozoea, niseme hesabu ile inaficha nini.

Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu. Babu alikuja na reli kutoka Mombasa akiwa kijana, baba akafanya kazi kwenye meli za shirika la reli hapa ziwani, nami nikaliona ziwa dogo. Mwaka 1979 nikashuka Kilindini, nikaandikwa kazi kwenye meli ya shehena, cheo changu mpakaji mafuta wa chumba cha injini. Hiyo ni kazi ya kiganja na sikio. Unagusa beringi moja baada ya nyingine. Ikikuchoma, unamwamsha injinia hata kama ni saa tisa za usiku. Chumba hakina dirisha. Nimepita mlango wa bahari wa Malacca mara nisizozikumbuka, na Singapore nimeiona kwa nadra sana. Nilijua tumefika pale kwa kengele ya kupunguza mwendo, kwa sababu karibu na Singapore njia ya meli hubana hadi chini ya kilomita tatu, na nahodha hawezi kupita mbio.

Kwa hiyo meli mimi huitazama kutoka chini. Wanaoitazama kutoka juu huona bendera na mizinga. Wazee wa pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani uwe nyuma au mbele ya chombo, mwisho utarudi chini tumboni mwake, nami katika maisha yangu sijaona meli iliyowabisha.

Kwanza niwape China haki yao. Fujian, meli yao ya tatu ya kubeba ndege, iliyoanza kazi rasmi Novemba 2025, ni chombo cha kustaajabisha. Ina tani zaidi ya 80,000 na hurusha ndege kwa nguvu za sumaku na umeme badala ya mvuke, jambo ambalo kabla yake lilikuwa likifanywa na meli moja tu, Gerald R. Ford ya Marekani. Mvuke naujua. Ni mabomba, vali, kuvuja na kuungua mikono. Aliyeuondoa mvuke kwenye urushaji wa ndege amewaondolea mafundi mateso makubwa, na kama ningekutana naye ningempa mkono. Lakini Ford hutumia nguvu za nyuklia, Fujian huchoma mafuta. Ikienda mbali na nyumbani lazima ifuatwe na meli nyingine ya kuijazia matangi, kama vile mashua zetu zinavyofuatwa na mitungi ya petroli kwenda kisiwa cha Mfangano. Hiyo meli ya mafuta haimo kwenye mchoro wako, Mhariri. Ikizama hiyo, mfalme anabaki katikati ya bahari akisubiri kuvutwa kamba.

Sasa nisimulie nililoliona.

Mwaka 1987 meli yetu iliingia Ghuba ya Uajemi ikiwa na nafaka. Iran na Iraq walikuwa vitani, na kila mmoja alikuwa akipiga meli za biashara ili kumfilisi mwenzake. Mei mwaka huo ndege ya Iraq iliipiga manowari ya Marekani, Stark, kwa makombora mawili ya Exocet, wakafa mabaharia 37. Sisi tusiokuwa hata na bunduki ya kufukuzia kunguru tulizima taa zote usiku. Waliomaliza zamu hawakulala vyumbani. Tulitandika magodoro sitahani, karibu na mashua za kuokolea. Zamu ya chini ilibaki palepale: muda wa saa nne kazini, saa nane mapumziko. Nilipokuwa nikishuka ile ngazi ya chuma nilizihesabu daraja zake, maana ndizo hizohizo nitakazopandia kukiwa giza na maji. Zilikuwa 43. Hadi leo nikipanda ghorofa yoyote mjini, miguu huanza kuhesabu yenyewe.

Mwaka uliofuata, Aprili 1988, manowari nyingine ya Marekani katika Ghuba hiyohiyo, Samuel B. Roberts, iligonga bomu la kutegwa majini. Ilikuwa manowari ya kisasa, ina rada, ina makombora, haikukosa kitu. Bomu lenyewe lilikuwa la muundo wa Kirusi wa mwaka 1908, dude la chuma la mviringo lenye pembe, limefungwa kwa mnyororo. Lilivunja mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, likang'oa injini kwenye misingi yake, na chumba cha injini kikajaa maji. Mabaharia wake walikuwa hodari. Waliifunga meli iliyopasuka kwa kamba za chuma kama mtu anavyofunga kikapu, na haikuzama. Kuitengeneza kuligharimu karibu dola milioni 90. Bomu lile inasemekana bei yake ilikuwa kama dola 1,500.

Silaha mpya mnazoziandika kila wiki, kwa macho yangu, ni wadogo zake bomu lile, waliopewa injini na macho.

Juni 12, 2024, katika Bahari ya Shamu, Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waliipiga meli ya makaa ya mawe iitwayo Tutor kwa mashua ndogo isiyo na mtu. Mashua ile haikulenga daraja la nahodha wala shehena. Iligonga tezi, penye chumba cha injini. Maji yakaingia, na meli ikazama siku chache baadaye. Mabaharia wengi walikuwa Wafilipino. Wengine waliokolewa, ila mmoja, aliyekuwa chini kwenye injini, hakuonekana tena. Nilipoisikia habari hiyo redioni niliweka spana chini, nikaenda kukaa kwenye jiwe ufuoni. Mke wangu alidhani ni sukari imepanda.

Nimetazama picha za mashua kama ile. Umbo lake halinishangazi hata kidogo. Nipe fibaglasi, injini mbili na vijana wangu watatu, kiwiliwili chake kitatoka hapa Dunga, tena kikiwa kimepakwa rangi na kuandikwa methali ubavuni kama mashua za wavuvi. Kinachotushinda ni kilichomo kichwani mwake: kamera, mawasiliano ya satelaiti, na programu inayoiweka kwenye njia mawimbi yakiipiga. Na kichwa hicho kinazidi kushuka bei kila mwaka, kama simu.

Ukraine, ambayo manowari zake zilikuwa zimekwisha, ilitumia mashua za aina hiyo kuzamisha meli za Urusi katika Bahari Nyeusi, Ivanovets mnamo Februari 1, 2024, na Tsezar Kunikov wiki mbili baadaye. Bahari Nyeusi si Asia, lakini Asia nzima ilikuwa ikitazama. Taiwan inaunda mashua zake. Marekani ilitangaza Agosti 2023 mpango ilioupa jina la Replicator, wa kupata maelfu ya vyombo visivyo na watu ili kupunguza uzito wa wingi wa China. China nayo, katika gwaride la Septemba 3, 2025 mjini Beijing, ilipitisha juu ya malori nyambizi ndefu zisizo na mtu ndani. Sasa niambie, Mhariri, katika mchoro wako hizo zitachorwa safu ya nani, na moja ni sawa na ngapi?

Tena kuna hesabu ya kutungua. Katika Bahari ya Shamu manowari za Marekani zilikuwa zikiangusha droni za bei ya gari la mtumba kwa makombora ya dola milioni mbili hivi kila moja. Hapa ufuoni tungesema ni kumuua nzi kwa kumrushia televisheni. Na manowari haina ghala lisilo na mwisho. Ile ya aina ya Arleigh Burke, ambayo Marekani inayo kwa wingi, ina mashimo ya makombora 90 au 96. Yakiisha, kuyajaza baharini ni shida, sharti itafute bandari. Mnyonge hahitaji kuizamisha. Inatosha kuimalizia risasi.

Kuhusu makombora ya nchi kavu nitapita upesi, maana hayo vijana wanayajua kwa majina kuliko wachezaji wa mpira. China ina DF-26, hubebwa na lori, na inasemwa hufika kilomita 4,000. Kutoka Kisumu lingepita Cairo na bado lina safari. Ufilipino, yenye jeshi dogo la majini, ilitia saini mwaka 2022 kununua makombora ya BrahMos ya India kwa dola milioni 375 hivi, na ya kwanza yakafika Aprili 2024. Yanakimbia karibu mara tatu ya mwendo wa sauti. Kwa hiyo mtu aweza kuzuia manowari bila kuwa na manowari.

Lakini kombora ni kipofu. Meli inayokwenda kasi hutembea zaidi ya kilomita 10 katika robo saa, na aliyefyatua akiwa mbali lazima mtu amwambie meli iko wapi sasa hivi, si ilikuwa wapi alipokunywa chai. Ndipo zinapoingia satelaiti, rada, droni za kupeleleza na nyaya. Anayekata jicho na sikio ameshinda kabla ya kufyatua.

Sisi watu wa ziwa hili tulilijua hilo kitambo. Juni 1915 Waingereza walipakia wanajeshi kwenye meli za ziwa hapa Kisumu, wakavuka hadi Bukoba iliyokuwa ya Wajerumani. Hawakwenda kwa sababu ya kahawa ya Bukoba. Lengo lao kubwa lilikuwa mnara wa simu ya upepo, ambao Wajerumani waliutumia kupashana habari. Wakauangusha, wakarudi. Babu alikuwa kuli wa kuni pale bandarini, akipakia kuni za kuchemshia maji ya meli zile, na alikuwa akisimulia kwamba aliwashangaa Wazungu waliokwenda kupigana na mlingoti.

Leo mlingoti uko chini ya bahari. Februari 2023 nyaya mbili za intaneti za visiwa vya Matsu, vilivyo chini ya Taiwan lakini jirani kabisa na pwani ya China, zilikatika ndani ya wiki moja. Taiwan ikasema zilikatwa na vyombo vya Kichina, kimoja cha uvuvi na kimoja cha shehena. Ikiwa ni kusudi au ni nanga tu, watu zaidi ya elfu kumi walikaa wiki kadhaa na mtandao wa kinyonga. Na mwaka 2024 meli iitwayo Rubymar, iliyopigwa na Wahouthi na kuachwa na mabaharia wake, ilielea ikiburuta nanga, na inashukiwa ndiyo iliyokata nyaya tatu chini ya Bahari ya Shamu, mmojawapo ukiwa ule unaofika Mombasa. Hakuna aliyeilenga Kenya. Chuma kilichokosa mwenyewe kiliburutwa na mkondo, basi.

Sasa nije kwa jambo ambalo msomaji wa ufuoni, wa Muhuru Bay au Sori, analielewa kuliko profesa wa Washington.

Mwaka 2012 Ufilipino na China zilitunishiana misuli kwa wiki nyingi kwenye mwamba uitwao Scarborough, katika Bahari ya China Kusini, magharibi ya kisiwa cha Luzon cha Ufilipino. Wafilipino wakaondoka, Wachina wakabaki. Ufilipino ikaenda mahakamani, na Julai 12, 2016 jopo la usuluhishi huko The Hague likaamua kwamba madai mapana ya China juu ya bahari ile hayana msingi wa kisheria. China ikakataa kuitambua hukumu. Hukumu iko kabatini. Mwamba una aliyeketi. Kwenye mwamba mwingine, Second Thomas, Ufilipino ilitumia akili ya mtu maskini: mwaka 1999 ilipandisha meli yake kuukuu, Sierra Madre, ikaiacha imekwama pale makusudi, na hadi leo wanajeshi wachache hukaa ndani ya ule mkebe wenye kutu ili ionekane kuna mtu nyumbani. Katika mchoro wako ile meli ingekuwa sifuri. Injini yake haitembei. Lakini imesababisha kelele kuliko meli nyingi zinazotembea.

Wanaopelekana mbio pale kwa kawaida si manowari. Ni meli nyeupe za walinzi wa pwani na makundi ya mashua zinazojiita za uvuvi, na zote hizo hazimo katika ile 370 yako. Silaha yao ni mizinga ya maji na kugongana mbavu. Juni 17, 2024, Wachina walizivamia mashua za Ufilipino zilizokuwa zikipeleka mahitaji kwenye Sierra Madre, wakiwa na visu na mashoka, na baharia mmoja wa Ufilipino akapoteza kidole gumba. Zama za satelaiti na akili unde, na watu wanapigana kwa mashoka! Sababu ni kwamba anayefyatua risasi ya kwanza ndiye anayeonekana mwanzilishi wa vita, basi kila mtu anasukuma mpaka ukingoni na kuishia hapo. Agosti 11, 2025, karibu na Scarborough, meli ya walinzi wa pwani ya China na manowari ya China yenyewe zilikuwa zikiifukuza meli moja ya Ufilipino, zikaparamiana. Hesabu siku hiyo ilijigonga yenyewe.

Nani hapa asiyeifahamu hadithi hiyo? Migingo ni mwamba wa humu ziwani wa kama nusu ekari, mabati juu ya mabati, na Kenya na Uganda zote zinaudai. Mwaka 2009 nusura tugombane wazi. Ramani zimekunjwa na kukunjuliwa, kamati zimeketi, lakini mvuvi wa mbuta anayetia mafuta alfajiri haulizi ramani inasemaje. Anauliza leo nani yuko pale, na anataka nini. Mteja wangu mmoja alinyang'anywa injini ya farasi 15 majini na watu waliovaa sare. Sare za nani sisemi, maana aliogopa kuniambia, na mimi sikumlazimisha. Alihangaika wiki mbili, akaipata bila propela, bila kabureta, na kifuniko kimepasuka. Niliikalia siku tatu kuifufua. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, na wala hakuna kombora lililofyatuliwa, lakini tangu siku ile haendi tena upande ule. Mpaka wake umerudi nyuma kwa kilomita kadhaa bila mtu kuchora mstari wowote.

Ufilipino tangu mwaka 2023 imekuwa ikiwapandisha waandishi wa habari kwenye meli zake za walinzi wa pwani, na picha za mizinga ya maji kuonekana duniani siku hiyohiyo. Kwa nchi ndogo, kamera ile ni silaha, na bei yake ni nafuu kuliko BrahMos. Ninyi mmempeleka mwandishi Migingo mara ya mwisho lini, na alilala huko siku ngapi?

Najua kuna msomaji atakayeuliza, mzee wa Kaloleni anahusika vipi na miamba ya Wafilipino. Anihesabie plagi zangu. Injini nyingi za mashua hapa ziwani zimetoka Japani, na spea zake huja kwa kontena hadi Mombasa. Mwaka 2024 nilisubiri pampu za maji na gasketi hadi wateja wakaanza kunipita bila salamu. Kijana wangu mmoja, ambaye ana akili lakini hana subira, akaniuliza swali zuri: mzigo wa Yokohama hupita Malacca ukakata Bahari ya Hindi moja kwa moja, hauendi Bahari ya Shamu kabisa, sasa Wahouthi wameuchelewesha vipi? Nikachora kwa mkaa kwenye ubao wa mashua. Meli za kwenda Ulaya zilikimbia Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa siku kumi na zaidi. Meli ni zilezile na makontena ni yaleyale, ila kila moja sasa linachelewa kurudi. Makontena yakaadimika Asia, bei ya kuyapata ikapanda, meli zikafika Singapore kwa makundi na kupanga foleni. Pampu yangu ilikuwa imesimama kwenye foleni ya vita isiyoihusu. Na hiyo ilikuwa ni njia moja tu iliyobanwa, na waliobana ni wapiganaji wasio na hata manowari moja ya maana. Siku mlango wa bahari wa Taiwan ukibanwa, sijui nitachora ubao gani.

Wakubwa wa Asia wenyewe hawakutungoja. China ilifungua kituo chake cha kijeshi Djibouti mwaka 2017; Japani ilikuwa imekwisha tangulia pale mwaka 2011. India iliendesha mazoezi ya majini na nchi kadhaa za Afrika Aprili 2025 pale Dar es Salaam, na Kenya ikashiriki. Kila mmoja wao akija hutuonyesha meli yake. Mimi ningeuliza kila mmoja swali la fundi: ikiharibika, mnaitengenezea wapi?

Maana hapo ndipo, kwa maoni yangu, China inatisha kweli, na mchoro wako haukugusa. Zaidi ya nusu ya meli mpya za biashara duniani kwa uzito huundwa katika karakana za China. Korea Kusini na Japani ndizo zinazofuata, na Marekani haionekani hata kwa darubini. Mwenye karakana akipoteza meli kumi ana mahali pa kuzaa nyingine kumi, ana wachomeleaji, ana mafundi wa mabomba, ana wazee wa kuwafundisha vijana. Marekani imeling'amua hilo kwa kuchelewa. Mwaka 2024 iliipeleka meli yake ya ugavi, Wally Schirra, Korea Kusini ikarabatiwe katika karakana ya Hanwha Ocean, ikatoka mwaka 2025. Taifa lenye jeshi kubwa la majini kuliko yote kwa uzito linampelekea jirani wa adui yake spana. India ilianza kuunda Vikrant, meli yake ya kubeba ndege, mwaka 2009, ikaingia kazini Septemba 2022. Miaka 13! Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua ndani ya miaka hiyo India ilikuwa pia ikiunda mafundi.

Na sisi? Hapa Kisumu meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, vingine juu ya vichwa vya wapagazi, ikaundwa na kushushwa majini mwaka 1900. Zaidi ya karne baadaye MV Uhuru II imeundwa papa hapa bandarini, vipande vingi vikitoka Uholanzi na mikono mingi ikitoka kwetu. Niliwaona vijana wa Nyalenda wakichomelea mbavu za meli, nikasimama kwenye uzio kama mtoto anayetazama harusi. Wengine sasa wametawanyika, mmoja anaendesha boda boda stendi ya Kondele. Andikeni habari ya huyo. Mwulizeni mkono wa kuchomelea unakaa muda gani bila kazi kabla haujasahau. Mimi nitawaambia: mwaka mmoja, basi unaanza kutetemeka.

Mwisho, Mhariri, nina sahihisho dogo. Ile picha iliyokuwa juu ya mchoro, mliyoandika chini yake kuwa ni Fujian, si Fujian. Meli ile ina pua iliyoinuka mbele kama kilima cha kurukia ndege. Fujian sitaha yake ni bapa mpaka mwisho, ndiyo maana ikahitaji sumaku. Mliyoichapisha ni Liaoning au Shandong. Mafuta ya ngege yalikuwa yamelowesha upande wa namba, kwa hiyo ipi kati ya hizo mbili siwezi kuapa.

Fundi wa injini za majini,
Dunga, Kisumu